Nilisoma Mpaka Mwisho

Jumapili jioni, mtaani Landless

Nimesoma. Mimi, mwenye kigugumizi tangu darasa la pili, nimesoma Neno mbele ya kanisa lote.

Kule Ruiru nilikokuwa nikiabudu zamani, watu walicheka nikitoa ushuhuda, nikakaa miaka mitatu bila kukanyaga kanisani. Lakini hiki kikundi chetu cha maombi cha Alhamisi hakikuniacha. Wamekuwa wakinisikiliza nikisoma sebuleni kwa Mama Wambui, mstari mmoja, kisha miwili, na hakuna aliyeangalia saa.

Leo nilikwama kwa neno "Bwana". B, b, b, na jasho. Mzee wa kanisa aliyeketi mbele akanimalizia kwa sauti. Hilo linaniudhi hata sasa. Watu hudhani wananisaidia.

Mama Wambui akamwambia kwa upole, ingawa kila mtu alisikia, "Mwache, mzee. Atafika mwenyewe."

Kanisa likanyamaza. Si kile kimya cha aibu, hicho nakijua. Walikuwa wananingoja. Nikaomba moyoni, nikavuta pumzi, nikalisema. Nilikwama tena mara nne na sikuketi mpaka nikamaliza.

Bado naogopa. Kesho kazini msimamizi atakuwa yule yule asiye na subira, na mimi...

Lakini baada ya ibada yule mzee alinifuata nje. "Nisamehe, ndugu. Utasoma tena lini?"

Nikamwambia Jumapili ijayo. Ilinichukua muda kulitoa jibu lenyewe, na mzee akangoja mpaka likatoka.