Mbwa Aliyesingiziwa Mayai

Mpendwa Wambui,

Huku kijijini Bahati tuko salama, mvua imenyesha na viazi vimemea. Mamako anakusalimia sana. Ile filamu ya watu waliowekwa kizuizini bila kesi wakati wa vita vya uhuru nimeiona. Unauliza kama baba yangu alikuwa mmoja wao. Ndiyo, alikuwa.

Lakini ya kule kizuizini hakutusimulia. Ninachokumbuka ni kwamba aliporudi, mayai yalikuwa yakipotea, na kaka zangu wakamfunga mbwa wetu kamba wamuue. Baba akauliza, "Nani amemwona akila?" Hakuna aliyemwona. Asubuhi akaketi kando ya kiota, akangoja. Kumbe kuku mwenyewe ndiye aliyekuwa akidonoa mayai yake! Baba akaenda kumfungua mbwa.

Nilikuwa mdadisi kama wewe, nikamuuliza, "Na wewe, baba, walikufunga kwa kosa gani?"

Alimkuna mbwa shingoni, pale kamba ilipokuwa.

"Hata mimi ningependa kujua," akasema. "Kwangu hakuna aliyekuja kuangalia."

Ule vizuri huko, mama.

Shosho, nyanya yako