Cheka Kidogo, Mama

Pongwe, Jumatano, masika ya 1956

Mvua imeanza alfajiri na alasiri hii bado inanyesha, matope mpaka mlangoni.

Nina hasira. Nimeswali, nimekunywa maji, nimezunguka chumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia, haijatoka. Basi naiandika.

Leo wamekuja wageni hospitalini kwetu. Hospitali yetu ni ya shamba la mkonge, na wageni ni wakubwa wa kampuni kutoka Ulaya, wanaume wawili na bibi mmoja mwenye kamera shingoni. Kwa ajili yao tumesugua sakafu mpaka magoti yakachubuka. Daktari alitupanga barazani na nguo zetu nyeupe, akawa anatuonyesha kwa kidole: huyu Mdigo, huyu Mbondei, huyu Mgoa, huyu Mnyamwezi, yule Mmakonde. Alivyotutaja ungedhani anataja miche aliyoiotesha mwenyewe. Akawaambia wageni kwamba hapa sote tunafanya kazi kama watoto wa nyumba moja.

Nyumba moja! Nyumba hiyo ina vyumba vitatu vya kunywea chai. Cha Wazungu kina mapazia. Cha Wahindi na Wagoa kina viti. Chetu ni kibanda nyuma ya jiko, na leo kinavuja.

Lakini hilo nimelizoea. Hasira yangu imetoka wodini.

Kitanda cha mwisho, wodi ya wazazi, amelazwa Bibi Losa, mke wa Simoni. Simoni ni mhudumu wetu, Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma. Alikuja kukata mkonge kwa mkataba, akaumia mguu, wakampa kazi ya kubeba mabakuli na kupiga deki. Mkewe ni mtu mzima kuliko mama yangu mdogo. Usoni ana chale, na kwenye mdomo wa juu amevaa ndonya, kile kipande cha mti wanachojipamba nacho wanawake wa kwao. Jana amejifungua mtoto mfu. Asubuhi ya leo Simoni na wenzake wamemzika mvuani, kisha Simoni akarudi kazini na udongo ungali kwenye kucha, maana ruhusa hakupewa.

Nilipoingia zamu nilimwamkia Bibi Losa shikamoo. Zuhura akaangua kicheko. Zuhura ni nesi mwenzangu, mtoto wa mtaa wa Nguvumali kama mimi, tumekaa mkeka mmoja chuoni tukisoma Kurani.

"Makubwa! Unampa manamba shikamoo?"

Kwa sauti, na mama wa watu anasikia. Manamba ndivyo tunavyowaita watu wa mkataba, kwa kuwa shamba limewapa namba na sisi hatukujisumbua kuwauliza majina. Sisi watu wa pwani tunajiita waungwana. Tunajua kusalimu, tunajua kuvaa, tunajua kukaribisha mgeni. Kumbe uungwana wetu unakomea kwenye mdomo wa mtu uliotobolewa!

Nilimwambia anyamaze. Akazidi kucheka.

Ndipo wageni wakaingia. Yule bibi wa kamera alipomwona Losa uso ulimng'aa kama aliyeokota johari. Akasema na Daktari, Daktari akasogea kitandani. Kiswahili chake ni cha kuamrisha tu.

"Mama, kaa. Tazama huku."

Losa alikuwa amefungwa kitambaa kifuani. Maziwa yalikuwa yameanza kujaa, na wa kuyanyonya hayupo. Hakukaa. Alimtazama mumewe.

Simoni alikuwa amesimama palepale na bakuli mkononi. Moyoni nilimwomba aseme neno. Akasema, "Kaa, mke wangu. Kaa tu, yatapita." Sauti haikuwa yake. Losa akajiinua kwa kiwiko, kitambaa kikalegea, maziwa yakalowesha shuka.

Kamera ikalia.

"Cheka kidogo, mama," Daktari akasema.

Cheka kidogo.

Sijui nilifikaje. Najua niliivuta skrini, ile ya kitambaa tunayowasitiri nayo wagonjwa, nikaisukuma kati ya kitanda na wageni kwa kishindo hata gurudumu moja likang'oka. Nikasema, "Tokeni! Huyu amezikiwa mtoto leo. Tokeni nje!" Nilisema kwa Kiswahili, lakini nadhani hata asiyejua neno lake alielewa. Wakatoka. Zuhura alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, na safari hii hakuwa anacheka.

Haukupita muda nikaitwa ofisini. Kiingereza changu kidogo nilichojifunza kwenye unesi kilinikimbia chote, hivyo Daktari akamwita Bwana Menezes, Mgoa anayetoa dawa, atufasirie. Bwana Menezes hajawahi kunywa nami chai. Tangu nije hapa maneno yetu ni "dawa hii" na "asante".

Daktari alikuwa amekasirika kwelikweli, na tena alikuwa amehuzunika, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Alisema yeye anayapenda makabila yote. Alisema alitaka Ulaya wajue uzuri wa mila zetu, nami nimemwaibisha mbele ya watu waliokuja kwa nia njema.

"Mwambie," nikamwambia Bwana Menezes, "Bibi Losa si kinyago cha kununuliwa. Mwambie akipenda mila za Wamakonde, aanze na ile ya kulia msiba. Simoni hakupewa hata siku moja."

Bwana Menezes alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Nilidhani atayapunguza makali. Hakuyapunguza. Niliyafuata kwenye uso wa Daktari: ulikuwa mwekundu, ukawa mweusi. Kisha Bwana Menezes akaongeza sentensi moja isiyokuwa yangu, na Daktari akampigia meza.

Tulipotoka nilimuuliza amesema nini.

"Nimemwambia mimi pia nimezika mtoto," akajibu, akaenda zake kwenye chupa zake za dawa. Miaka yote hii sikujua. Sikuuliza, kwani yeye Mgoa na mimi Mdigo, na kila mmoja ana chumba chake cha chai.

Hukumu yangu ni hii: nimetolewa wodini, kuanzia kesho nifue mashuka. Jumamosi wageni watakapokuja kuaga, nitasimama mbele yao niwaombe radhi. Nisipoomba, kazi sina. Sista Hilda, mkubwa wa manesi, ndiye aliyeniambia, huku anatazama dirishani. Akaninong'oneza kwamba ningewatoa wageni kwa upole tu, mambo yangeisha vizuri. Kwa upole! Nimlainishie nani, na kwa ajili ya nini?

Kabla ya kuondoka nilipita kumuaga Bibi Losa. Nilimkuta Zuhura amekaa kitandani, anamfunga kitambaa upya kifuani, taratibu. Hakuniangalia. Sijamsamehe, na sioni kama nitamsamehe wiki hii. Lakini alikuwa anafunga vizuri.

Bibi Losa akanishika mkono.

"Mwanangu, ile picha wataipeleka wapi?"

Nilimwambia apumzike.

Na sasa, nikiandika haya, ndipo ninapojua hasira yangu inaelekea wapi. Haiko kwenye mashuka. Mashuka nitayafua. Iko kwenye picha hiyo, ambayo itavuka bahari ikiwa imebeba maziwa ya mama huyu na msiba wake, ikaning'inizwe ukutani, watu wanywe chai wakiitazama na kusema tazama walivyo wa ajabu, na hakuna atakayejua jina lake ni Losa.

Radhi siombi. Wala Jumamosi, wala siku yoyote.

Kesho kabla sijashika sabuni nitakwenda kwa Sista Hilda na kumwambia nataka filamu ile itolewe kwenye kamera, akabidhiwe Simoni. Akikataa nitamwomba Bwana Menezes aandamane nami kwa Daktari. Naye akikataa, nitauliza tena keshokutwa, na Jumamosi nitauliza mbele ya wageni wenyewe, kwa Kiingereza changu kibovu, wakinielewa wasinielewe.