Mkopo Ukutani

Shoga uko? Nimeumbuka leo, sijui uso huu nauweka wapi.

Si nilikwambia nimeitwa shuleni kwa mdogo wangu, nikawaeleze wanafunzi kama shahada yetu ya mipango miji inalipa? Nikavaa suti. Suti, shoga!

Nimesimama mbele, kompyuta yangu inaonyesha ukutani, herufi kubwa: MSHAHARA UNATOSHA KULIPA MKOPO NA KUISHI VIZURI.

Hapohapo ujumbe wa watu wa mkopo wa chuo ukachomoza juu yake. Ukutani! "Mpendwa mdaiwa, hujalipa tangu mwaka jana."

Darasa zima likausoma kwa sauti. KWA SAUTI. Kama wimbo wa shule.

Nikajikakamua: "Huo ni mfano tu." Ukaingia wa pili, una jina langu kamili.

Halafu mdogo wangu, damu yangu mwenyewe, kanyoosha mkono: "Dada, wanaoelezea uhasibu wako chumba gani?"

Ningefanyaje? Nikawaelekeza. Mnashuka ngazi, mnapita maktaba, mlango wa pili kushoto. Hakuna hata mmoja aliyepotea, hiyo shahada nimeisomea.

Sasa nakuandikia nikiwa hukohuko kwenye uhasibu, kiti cha nyuma. Shoga, wahasibu wanalipwa!