Kihmong Changu Hakihesabiwi

Jumatatu, 4 Novemba

Leo Bi. Pruitt, mshauri wa masomo, kaniita. Kafungua faili langu, kalifunga, kalifungua tena. Hesabu nzuri, biolojia nzuri. Lugha ya kigeni — sifuri. Chuo kikuu cha jimbo kinataka miaka miwili, na maombi yanafungwa tarehe 30. Bila hiyo hata jina langu hawatalisoma.

Nilitaka kumwambia kwamba lugha yangu ya kigeni ni Kiingereza! Niliitikia kwa kichwa tu, kama kawaida yangu.

Kazoua, binti wa Baba Mkubwa, ana miaka mitatu ya Kihispania. Mitatu!

Jumanne, 5 Novemba

Nimemuuliza Baba tukifunga mafungu ya mchaichai wa sokoni. Kumbe yote yalianzia chekechea. Fomu iliuliza nyumbani mnaongea lugha gani. Baba akaandika ukweli: Kihmong, lugha waliyokuja nayo walipokimbia vita kwao. Baba Mkubwa, babake Kazoua, akaandika Kiingereza — na wakati ule alikuwa anajua kusalimia tu! Basi Kazoua akawekwa darasa la kawaida. Mimi nikapelekwa darasa la kusaidiwa Kiingereza. Kila mwaka mtihani wa kuongea, kila mwaka haya zinanishika, nanyamaza, narudishwa kulekule. Hadi darasa la kumi. Kihispania kilifundishwa saa ileile.

"Kwani ulitaka nidanganye?" Baba kauliza, mikono haikusimama.

Nimemkasirikia. Halafu nikajikasirikia.

Alhamisi, 7 Novemba

Kuna njia! Mtihani wa lugha ya nyumbani, Jumamosi tarehe 16. Nikifaulu, nahesabiwa ile miaka miwili. Hakuna mwingine kabla ya tarehe 30. Kihmong nasoma na kuandika, nilifundishwa kanisani Jumamosi nyingi. Fomu nimeijaza palepale, Bi. Pruitt akinitazama. Swali la mwisho: unajipima kiwango gani? Nikatia alama kwenye "naanza". Ningetia wapi? "Bingwa"? Bibi angenifinya. Kwetu anayejua husema hajui. Anayejisifu hakulelewa.

Jumapili, 10 Novemba

Kazoua kaja na kompyuta yake. Insha yake ya maombi inamhusu Bibi. Bibi yangu! (Yetu, haya.) Mtu asiyeweza hata kumwomba Bibi chumvi!

"We Gaonou, hebu muulize ule mto aliuvukaje walipokimbia vita."

Nikauliza. Bibi akaongea nusu saa. Sufuria ya wali aliyokataa kuiachia majini, mpaka mjomba wake akamtukana. Nikamtafsiria Kazoua dakika mbili. Ya sufuria sikuyatoa. Nimejiwekea.

Wivu? Ndiyo, wivu. Hapa hakuna anayesoma.

Na Bibi kamtengea paja la kuku. Mimi shingo.

Kazoua kanikumbatia: "We ni hazina, mdogo wangu." Kanizidi miezi mitatu tu! Jumamosi atanipeleka kwa gari, maana Baba na Mama watakuwa sokoni. Nimenuka marashi yake mpaka usiku.

Jumamosi, 16 Novemba

Naandika kwenye benchi, nje ya chumba cha mtihani.

Kompyuta iliniuliza rangi. Rangi! Moja mpaka kumi. Paka ni yupi kati ya hawa. Dakika sita, kwisha. Nikainua mkono — mimi! — nikamuuliza msimamizi, Bi. Okerlund. Akaangalia fomu. Mwenyewe niliandika naanza, kwa hiyo nimepewa wa wanaoanza. Chuo hakiuhesabu. Ule mkubwa unaanza saa tano. Anaweza kunihamisha, ila mtu mzima anayeijua lugha athibitishe kwamba naiweza.

Baba hapokei. Mama hapokei. Baba Mkubwa kazima simu. Akabaki Bibi.

Kazoua hata hakuniuliza. Kapiga, kaweka spika, kamwambia msimamizi: "Nitatafsiri mimi. Nyumbani kwetu ni Kihmong kitupu." Uso mkavu! Ningekuwa na uso ule, nisingekuwa hapa.

Akapaza sauti: "Bibi! Gaonou! Kihmong! Mzuri?" Kamaliza maneno yake yote.

Bibi akasikia kuna mgeni. Akatoa ile sauti yake ya wageni. "Gaonou? Aa, hajui kitu huyo. Mdomo mzito. Mwerevu ni wewe, Kazoua."

Kazoua akatabasamu, hakuambulia hata neno. "Anasema Gaonou anaongea kutuzidi sote."

Bi. Okerlund akanigeukia, akauliza. Ndivyo alivyosema?

Kimya. Kilekile cha mitihani yote. Akaniambia anakwenda kukusanya karatasi, akirudi nimjibu mwenyewe. Zimebaki dakika nane kufika saa tano.

"Hajui kitu" naielewa. Hivyo ndivyo Bibi anavyonisifu mbele za watu, angesemaje tena? Lakini lile la mwisho — mwerevu ni wewe — lilikuwa la adabu pia? Nalirudia kichwani, sijui.

Kazoua yuko pembeni yangu, anapaka mafuta ya midomo. "Sema ndiyo tu, mdogo wangu. Neno moja." Halafu: "Kwani Bibi kasemaje hasa?"

Nikimwambia, lazima nimwambie yote. Na atafurahi.

Dakika tatu. Kazoua ananiuliza tena. Mlango unafunguliwa —