Mganga Anayekufa Kila Pambano

Jumatatu, 3 Machi
Mimi nilizaliwa na bahati, wenzangu walizaliwa na kilio tu! Leo tena. Katika gemu letu la mtandaoni, watano kwa watano, pointi zangu zote nimezimwaga kwenye shoka. Ngao sifuri. Nikikupiga moja, uko chini – ila nami ukinipulizia tu, naanguka. Inavyotakiwa, nianguke. Sianguki! Nabaki na uhai wa tone, mara nimejaa tele. Nikawatangazia wateja kinyozini: kifo kinaniogopa. Mzee mmoja, povu usoni, akasema hakiniogopi, kinanionea haya.

Jumanne, 4 Machi
Fainali Jumapili. Tukishinda, tunapanda ligi kuu. Nahodha – sauti tu masikioni, sura yake siijui – analalamikia mganga wetu, Kiroboto, ambaye kazi yake ni kuturudishia uhai. Kila pambano anakufa. Haongei, anaandika "sawa" basi. Nikasema atolewe, mganga gani wa kwanza kuzikwa! Wakacheka mpaka wakakohoa. Akatolewa. Akaandika: "Sawa. Mjitunze."
Nimelisoma mara mbili.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekufa. Nikasingizia mtandao. Nimekufa tena. Mganga mpya anatugawia wote uhai kidogo kidogo kama mchuzi wa msibani, ukinifikia mimi nishakuwa marehemu. Nahodha akauliza kama bahati imekwenda likizo. Akasema nikiendelea hivi, Jumapili atapanga mwingine.
Mchana nimemchonga mteja njia kichwani ambayo hakuiomba. Nikamwambia ndiyo mtindo wa ng'ambo.
Na nyumbani, mama mkwe tunayeishi naye haji mezani. Eti kichwa kinamuuma.

Ijumaa, 7 Machi
Kufa tu.

Jumamosi, 8 Machi
Mke wangu kaniita jikoni. Eti si mimi ndiye fundi wa magemu, basi nimsaidie Mama, kanuna tangu Jumanne, wenzake wa kwenye simu wamemfukuza. Nikacheka. Mama na gemu wapi na wapi! Akanipa simu ya Mama.
Jina la mchezaji kwenye kioo: Kiroboto!
Nikakaa sakafuni. Nikafungua pointi zake. Zote – zote! – kwenye ujuzi mmoja: unamchagua mwenzako mmoja, unampa uhai wako mwenyewe. Jina alilochagua ni langu. Kila nilipoinuka mimi, aliyeanguka ni yeye. Mganga hajigangi, wamesema wahenga, na mimi kinyozi mzima nikadhani ni methali tu.
Halafu yale matusi! Mwaka mzima namporomoshea Kiroboto matusi ya sokoni. Mama mkwe! Ambaye tukipishana koridoni natazama ukuta kwa heshima. Nikamuuliza mke wangu, alijua ni mimi? Akasema tangu siku ya kwanza. Mama humwambia, mumeo mdomo mrefu, ngozi laini, asipolindwa atakwisha.

Jumapili, 9 Machi
Pambano linakaribia. Nahodha amekubali Kiroboto arudi, akitaka mwenyewe. Sasa hivi anapiga, sipokei. Niko kwenye kigoda mlangoni kwa Mama, simu yake mapajani. Nimebisha.
"Nani?"
"Mimi, Mama."
"Mimi nani?"
Ulimi wote huu wa kinyozi, nimekimbilia kuandika. Ndani kitanda kinalia, ndara zinatafutwa. Sijui anakuja kufungua au kutia komeo.
Bahati? Uongo mtupu. Sina, na sikuwahi kuwa nayo. Nilikuwa na mama mkwe.