Wazee Wangu wa Jumatano

Svendborg, 3 Machi

Kwa kaka yangu mpendwa Troels,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tromsø, kaskazini kabisa mwa Norwe, na kwamba jua limeanza kuwakumbuka. Sisi nyumbani hatujambo. Mama anauliza kama unavaa soksi za sufu alizokufumia; tafadhali jibu ndiyo, hata kama si kweli. Mbwa bado analala mlangoni pa chumba chako.

Barua yako nimeipata. Unasema utarudi Aprili na kunitua mzigo wa kundi la tenisi la wazee uliloniachia, kwa kuwa Oktoba nilikulilia kwenye simu. Kabla sijakujibu, acha nikueleze yaliyotokea tangu siku ile, maana kwenye simu huwa nasema "sawa" tu.

Unajua nilivyoanza. Niliazima maktaba vitabu vitatu vya ukocha, nikapanga kila dakika kwenye daftari. Wazee wako saba walinitazama kama watu wanaosubiri basi. Mzee Gunnar alitangaza mbele ya wote kwamba yeye alishika raketi kabla mama yetu hajaota meno, kwa hiyo nimwache apige anavyopiga. Bi Inger-Lise akaniambia nisimsikilize, kwani tangu wakati huohuo anapiga wavuni. Walicheka. Mimi nikafungua ukurasa uliofuata.

Kisha likaja la Bi Bodil. Kitabu kilisema anayeanzisha mpira anyooshe mkono juu kabisa, nami kwa wiki tatu nilimhimiza: juu zaidi, Bi Bodil, bado kidogo. Wiki ya nne hakuja. Ya tano pia hakuja. Nilimpelekea maandazi ya mdalasini nyumbani kwake, nikamkuta amefunga barafu begani. Kumbe bega lile lilipasuliwa miaka miwili iliyopita. Machozi yalinilengalenga, nikamwuliza kwa nini hakusema. Akajibu, huku akitafuna, kwamba daftari langu lilionekana lina haraka, na yeye hakuna aliyemwuliza.

Jumatano iliyofuata daftari lilibaki mkobani. Nilimwuliza kila mmoja anataka nini siku hiyo. Nadhani walifikiri naumwa. Halafu Bi Inger-Lise akasema anataka kukimbia kidogo na kucheka sana. Mzee Aksel alitaka kupiga mpira mmoja wenye kishindo, mmoja tu, kisha aende akanywe kahawa. Gunnar alitaka kushinda. Bi Bodil, aliyekuja kukaa benchi tu, alininong'oneza kwamba anataka kumfunga Gunnar pointi moja kabla yeye mwenyewe hajatimiza miaka themanini mwezi Mei.

Basi majira yote ya baridi tukawa tunakutana ukumbini nusu saa kabla ya wenzake, mimi na yeye. Tulifanya mazoezi ya kuanzisha mpira kutoka chini ya kiuno, mfupi, wenye kuzunguka, unaovuka wavu na kufa palepale. Bega linapumzika kabisa.

Jumatano iliyopita alimwanzishia Gunnar, ambaye alikuwa amesimama nyuma kabisa, magoti yamekunjwa kama bingwa. Mpira ulidunda mara mbili kabla hajafika hata nusu ya njia. Bi Inger-Lise alicheka mpaka akakaa chini. Gunnar akalalamika kwamba huo ni wizi mtupu, hata watoto hawaanzishi hivyo, kocha aamue! Wote wakanigeukia. Troels, unanijua: hata kununua mkate natangulia kukohoa kwa haya. Nilitoa kitabu cha sheria, nikasoma kwa sauti nisiyojua kama ninayo kwamba kuanzisha kutoka chini kunaruhusiwa, mradi mpira upigwe kabla haujagusa ardhi. Gunnar akaenda kuuokota mpira. Baadaye akaniuliza kwa upole kama na yeye anaweza kufundishwa. Bi Bodil akamwambia apange foleni.

Sasa nikuambie nisilomwambia mtu. Siku niliyokwenda kwa Bi Bodil, mkobani nilikuwa na barua ya kuacha kazi, nimkabidhi mwenyekiti wa klabu nikitoka pale. Sikuikabidhi. Imo ndani ya kitabu cha sheria, inashika ukurasa ule wa kuanzisha mpira. Na lililo gumu zaidi ni hili: sitaki unitue huo mzigo. Najua kundi ni lako, nami niliahidi kulirudisha. Lakini siku hizi kila Jumatano naamka kabla saa haijalia.

Ila nimejifunza kuuliza kwanza. Kwa hiyo, kaka, wewe unataka nini? Kama umewakumbuka wazee wako, nitakurudishia bila kununa. Kama unanihurumia tu, basi acha, uje na raketi. Gunnar hana mwenzake, wote wamemkimbia.

Mama na Baba wanakusalimu, na mbwa pia. Bi Bodil naye anakusalimu sana, na anakushauri ukija kucheza naye usimame nyuma kabisa.

Mdogo wako akupendaye,
Asta