Mkono Uliotulia

Jumatatu, 6 Septemba 1999

Nimefungua kibanda asubuhi. Upepo na vumbi. Mteja mmoja tu, wa ndevu. Aliona mkono wangu wa kulia unavyotetemeka na wembe, akasema atarudi. Hatarudi. Vijana wote siku hizi wanakwenda kwa wenye mashine za umeme pale stendi. Naandika kwa kushoto, mwandiko wa kuku.

Binti yangu Rehema yuko karibu kujifungua. Anataka mtoto nimnyoe mimi siku ya akika, kama nilivyomnyoa yeye. Nimeitikia. Sijui kwa nini.

Jumatano, 8 Septemba

Hospitali ya misheni. Kuna daktari mgeni anajaribu tiba ya watu wanaotetemeka. Hakuna sindano wala kisu. Ana kitu kama pete kubwa, waya ndani ya plastiki. Alikiweka juu ya kichwa changu. Sumaku tu, alisema, inaamsha ubongo.

Tak! Pete ililia hivyo, na kidole gumba changu cha kulia kikaruka.

"Umekirusha wewe, mzee?"

"Hapana, daktari."

Alifurahi. Mimi jasho lilinitoka. Mtu anakiita kidole changu bila kupitia kwangu, nacho kinaitika.

Jumatatu, 13 Septemba

Nimekuwa nikienda kila siku. Leo mkono umetulia. Kabisa. Mama Rehema alinimiminia chai kikombe kikajaa, nikanywa bila kumwaga. Akalia. Daktari ameonya kwamba huenda isidumu.

Haya nayaandika kwa mkono wa kulia. Mwandiko mzuri. Si wangu.

Alhamisi, 16 Septemba

Rehema amejifungua alfajiri. Wa kiume. Alhamdulillahi.

Wateja wameanza kurudi. Wembe unateleza wenyewe, mkono unafika kabla sijaufikiria. Naogopa. Mchana, kibanda kitupu, nilisikia tak. Kidole gumba kikaruka. Nilitoka nje. Barabarani hapakuwa na mtu.

Nilimsimulia mke wangu.

"Pumzika, Baba Rehema," alisema. Hakunitazama usoni.

Jumatano, 22 Septemba

Akika. Mbuzi amechinjwa, shehe amesoma dua. Rehema alimpakata mtoto. Nilianza mbele. Utosi ulikuwa laini, unapanda na kushuka chini ya wembe. Mkono haukutikisika.

Nilipofika nyuma ya sikio: tak.

Niliinua wembe haraka. Kidole gumba changu kilikuwa kimetulia. Ulioruka ni mguu wa mtoto.

Tak. Ukaruka tena.

"Baba, mbona umeacha?" Rehema aliuliza.

Hakuna mwingine aliyeisikia ile tak. Nilisema macho yamechoka. Mama Rehema akachukua wembe, akamalizia. Watu walikula pilau. Mimi yangu nilimpa jirani.

Alhamisi, 23 Septemba

Sikwenda hospitali. Sitakwenda.

Jumapili, 3 Oktoba

Daktari amekwisha kuondoka na mashine yake. Mkono ulianza tena juzi, kidogo kidogo. Leo unatetemeka kama zamani. Mke wangu amesikitika. Mimi nimelala vizuri.

Alasiri Rehema alikuwa anafua, mtoto akalia mno. Nilimchukua. Mkono wa kulia ukawa unamtikisa, sina la kufanya. Akanyamaza. Nikakaa naye kibarazani, namwangalia miguu.

Alilala. Miguu ilikuwa imetulia.